Kitambi Kilipandia Steji Gani?

Mwaka wa 1929 jarida la madaktari la Lancet, la kule London, lilichapisha makala mafupi ya kurasa mbili kutoka Kisii. Aliyeyaandika ni C. P. Donnison, daktari wa serikali ya kikoloni katika hospitali ya Waafrika ya South Kavirondo, eneo ambalo leo tunaliita Kisii, Nyamira, Migori na Homa Bay. Kwa muda wa miaka miwili watu wapatao 1,800 walilazwa pale. Kati yao wote, Donnison hakukuta hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha. Jambo hilo lilimtatiza. Akachukua mashine yake ya zebaki, akaanza kuwapima watu mmoja mmoja hadi wakafika 1,000. Mpaka umri wa miaka 40 hesabu zao zilifanana na za Wazungu. Baada ya hapo njia zikaachana: presha ya Mzungu ilipanda kadiri alivyozeeka, ya mtu wa Kavirondo ikashuka. Wazee wa miaka 60 walikuwa na presha ambayo vijana wengi wa ofisini leo wangeionea wivu.

Nilipoyasoma makala haya nilicheka peke yangu, maana mimi ni mtoto wa Kavirondo hiyohiyo. Kwetu ni upande wa Kendu Bay. Na kwetu siku hizi presha ni kama jina la ukoo: ukifika nyumba yoyote yenye mtu aliyevuka miaka 45, utaona mfuko mdogo wa nailoni umening'inia kwenye msumari, ndani yake vidonge vya asubuhi na vya jioni. Sukari nayo imeingia bila kubisha. Mazishini watu wanaulizana, "Ilikuwa presha ama sukari?" kana kwamba hakuna kifo kingine kilichobaki.

Sasa, kati ya mashine ya Donnison na ule mfuko wa nailoni kuna miaka isiyofika mia. Damu yetu haikubadilika. Miaka mia ni vizazi vitatu, vinne hivi, na jeni hazikimbii namna hiyo. Kilichobadilika ni uzito, chumvi, mwendo na chakula, na vitu hivyo vina tarehe na vina njia vilikopitia. Ndiyo maana nataka kuliongea suala la kitambi kama historia. Tumezoea kulisikia kama kesi: wewe mnene ni mvivu, wewe mnene huna nidhamu, toka uende gym. Hiyo kesi inaniudhi, na mafaili ya madaktari wa zamani yananipa haki ya kuudhika.

Kabla sijaendelea, nitoe wasiwasi mmoja. Siuzi hadithi ya mababu walioishi miaka mia wakila wimbi na asali. Watu wa enzi ya Donnison walikufa mapema kwa malaria, kwa nimonia, kwa kujifungua. Walikuwa wametoka juzi tu kwenye Vita vya Kwanza, ambapo wanaume kwa maelfu walibebeshwa mizigo ya jeshi hadi Tanganyika na wengi hawakurudi. Na daktari wa kikoloni hakutupima kwa mapenzi. Mwaka wa 1931 John Boyd Orr na J. L. Gilks walitoa ripoti iliyolinganisha miili ya Wamaasai na ya Wakikuyu: nani mrefu, nani mzito, nani anakunywa maziwa, nani anakula nafaka. Serikali iliyotegemea vibarua ilitaka kujua vibarua hao wana nguvu kiasi gani. Kwa hiyo tuwasome kwa tahadhari. Lakini namba ni namba. Mtu akikwambia wazee wa zamani hawakupata presha kwa sababu walikufa kabla haijawafika, mkumbushe kwamba Donnison aliwapima waliofika 60, wakiwa hai, wakiwa wazima.

Basi kitambi kilipandia steji gani?

Ukiuliza chakula, jibu linaanza mapema. Mahindi meupe, ambayo leo tunayaita chakula cha kiasili, yalitawala meza zetu enzi za ukoloni. Kibarua wa shambani, wa reli na wa mjini alilipwa sehemu ya jasho lake kwa posho, yaani unga wa mahindi, na mtama na wimbi vikasukumwa pembeni. Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilifunguliwa Miwani, karibu na Kisumu, mwaka wa 1922. Chai ikaanza kupandwa kwa wingi Kericho katika miaka hiyohiyo. Ile chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, ambayo nyanya yako anaapa ni mila, ina umri wa nyanya yake.

Lakini chakula peke yake hakikutosha kunenepesha mtu anayelima kwa jembe na kutembea kilomita kumi kwenda sokoni. Hugh Trowell, daktari mwingine Mwingereza, alifika Kenya mwaka uleule wa 1929 na akafanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka thelathini. Alisimulia kwamba alipofika, mtu mnene ilikuwa kazi kumpata. Aliporudi kutembea mwaka wa 1970 akashangaa kuona wanene wamejaa mijini na kliniki za sukari zimefunguliwa. Mijini, zingatia hilo. Mashambani bado hali ilikuwa tofauti.

Wa kwanza kuikamata safari yenyewe, kwa namba, walikuwa watafiti waliowafuata morani wa Kisamburu jeshini. Katika miaka ya 1960 Gerald Shaper na wenzake waliwapima Wasamburu waliobaki na mifugo yao kaskazini. Hawa waliishi kwa maziwa, kwa hiyo ungetarajia mioyo yao iwe imezibwa na mafuta, lakini walikuwa wembamba na presha yao haikupanda kwa umri. Kisha wakawapima ndugu zao walioandikishwa katika jeshi la Kenya. Kambini kuna posho, kuna chumvi, kuna sahani inayojaa mara tatu kwa siku kwa saa maalumu. Wanaume wale wakaongeza uzito, na kadiri miaka ya utumishi ilivyosonga, presha ikapanda. Na hao ni askari, watu wanaopigishwa kwata kila siku! Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1969, na mimi naona yangestahili kufundishwa shuleni pamoja na zile tarehe za mikutano ya Lancaster House.

Halafu kuna utafiti unaonigusa mwenyewe. Katika miaka ya 1980 kundi lililoongozwa na Neil Poulter lilikwenda kwenye vijiji vya Waluo kaskazini mwa Ziwa Victoria, ng'ambo ya ghuba kutoka kwetu, mahali ambapo presha ilikuwa bado chini. Wakawapima watu nyumbani kwao. Wengine walipofunga safari kuja Nairobi kutafuta kazi, watafiti wakawafuata na kuendelea kuwapima, wa mjini na wenzao wa rika moja waliobaki kijijini, kwa miaka miwili. Waliohama walikuwa zaidi ya 300. Matokeo yalitoka katika jarida la British Medical Journal mwaka wa 1990, na kila nikiyasoma nywele hunisimama: tofauti ilianza kuonekana ndani ya mwezi mmoja. Mwezi! Mtu hajapokea hata mshahara wa pili, tayari presha yake iko juu ya ya ndugu yake aliyebaki na ng'ombe. Walikuwa wazito zaidi, mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi, na mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi na potasiamu kidogo. Ukitafsiri mkojo huo kwa lugha ya jikoni, maana yake ni mboga na matunda yamepungua, na vyakula vyenye chumvi vimeongezeka.

Niseme ukweli hapa: uzito haukuwa mshtakiwa pekee. Chumvi ilikuwepo. Huenda na roho ya mjini ilikuwepo, yaani kodi ya nyumba, msongamano, bosi, usiku usio na usingizi. Lakini uzito ulikuwa kwenye basi lilelile.

Shangazi yangu alipanda basi la usiku kuja Nairobi katika miaka hiyohiyo, akiwa na umri wa miaka 20. Hakuwa kwenye utafiti wowote. Lakini ipo picha yake aliyopigwa studioni kabla ya kuondoka, amesimama mbele ya pazia lenye minazi, mkono mmoja kiunoni, mwembamba kama mpini. Na ipo nyingine ya miaka minne baadaye, Umoja, ameketi kwenye kochi lenye vitambaa vilivyofumwa, mashavu yamejaa. Ile ya pili ndiyo iliyotumwa nyumbani. Nyanya yangu aliitia kwenye fremu na kuitundika ukutani, kwa sababu ilikuwa na habari njema: msichana anakula, Nairobi imempenda.

Hapo ndipo historia ya kitambi inapoacha kuwa ya madaktari peke yao. Kwetu unene haukuwa ugonjwa, ulikuwa risiti. Baada ya uhuru wenye vyeo walikuja na magari ya Mercedes na matumbo ya kulingana nayo, tukawaita Wabenzi. Siasa yetu yote ikapangwa kwa lugha ya tumbo: kuna waliokula, kuna wanaokula, kuna wanaongoja zamu yao ya kula. Mwanamume asiye na kitambi akiomba kura, watu walijiuliza kama ataweza kutulisha wakati yeye mwenyewe hajashiba. Mke aliyekonda aliaibisha mumewe, ikawa ni kama bango la kutangaza kwamba nyumbani hakuna kitu. Mpaka leo ukirudi ocha Desemba na kilo tano zaidi, salamu ya kwanza ni "Umenona!", na ole wako uikatae, kwani ni baraka unapewa.

Na kisha ukaja Ukimwi, ukaufunga mlango kwa komeo.

Mwaka wa 1985 jarida lilelile la Lancet lilichapisha ripoti kutoka Uganda kuhusu ugonjwa mpya wa Rakai ambao wenyeji waliupa jina: slim. Mgonjwa alikonda hadi nguo zikamvaa yeye. Kenya ilikuwa imegundua mgonjwa wake wa kwanza mwaka wa 1984, na kando ya ziwa tuliumizwa kuliko sehemu nyingi za nchi. Waluo tulikuwa tayari na neno, chira, kukonda kunakompata mtu aliyevunja miiko, kwa hiyo kwa miaka mingi watu walizikwa chini ya neno hilo ili familia isitamke lile lingine. Serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, wakati makaburi yalikuwa yameshajaa mashamba. Mimi nilikuwa mtoto. Ninachokumbuka ni namna watu wazima walivyotazama mikono ya mtu, upana wa kifundo cha mkono, kabla ya kumsalimia.

Kwa kizazi kile, kupunguza uzito kulikuwa na maana moja tu. Shangazi alizika ndugu wawili na rafiki aliyekuja naye Nairobi kwenye basi moja. Kwa hiyo muuguzi wa kliniki fulani ya mtaani alipomwambia, miaka mingi baadaye, kwamba presha yake ni 168 juu ya 102 na ni lazima apunguze kilo, alimsikiliza kwa heshima, akachukua dawa, akarudi nyumbani akatuuliza: "Nyinyi mnataka watu waseme niko nayo?"

Nimesoma mabango mengi ya afya. Sijaona hata moja linalojibu swali hilo. Yote yanachora tufaha, mtu akikimbia na maandishi ya kijani, kana kwamba tatizo ni kwamba shangazi hajui mboga ni nzuri. Huyu ni mtu aliyekula mboga na samaki wa ziwa mpaka alipofikisha miaka 20. Anachojua pia ni kwamba mtaa unaona, mtaa unaongea, na mwanamke anayepungua bila maelezo hupewa maelezo na wengine.

Wakati sisi tunabishana na maana, namba hazikungoja. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2008-09 ulikuta robo ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi. Ule wa 2014 ukakuta theluthi. Wa 2022 ukakuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49, dhidi ya asilimia 19 ya wanaume. Utafiti mwingine wa kitaifa, wa 2015, ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu. Uzito bado hupanda pamoja na mali, wa tajiri zaidi ya wa maskini, wa mjini zaidi ya wa mashambani, lakini ile picha ya kitambi kama mali ya mheshimiwa imekwisha. Mama anayekaa kwenye kibanda chake kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu usiku, akila chapo na chai kwa sababu ndivyo vinavyoshibisha kwa bei hiyo, hajawahi kuingia kwenye Benzi.

Na tuseme pia kuhusu kutembea, maana hapa ndipo nidhamu husifiwa sana na watu wenye geti na mlinzi. Mwanamke wa mtaa wangu akiamka saa kumi na moja akimbie, atakimbizwa. Njia za miguu zimegeuzwa kuwa maegesho na vibanda. Ukikaa Jogoo Road saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, umeshakaa saa tatu za siku yako kwenye kiti ukipumua moshi, na ukishuka unachokuta kwenye steji ni smokie, mayai, chips na soda baridi. Vyote vitamu, sikatai. Mimi ni mteja wa smokie pasua na sitaki kesi. Lakini mji uliopangwa hivyo unalisha watu uzito kama vile kambi ile ilivyowalisha morani.

Sasa huo uzito unafanya nini hasa ndani? Mafuta yaliyo chini ya ngozi, ya nyonga na mapaja, hayana fujo sana. Wakora ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozingira ini na utumbo. Hayakai kimya kama gunia lililowekwa stoo. Hutoa kemikali kwenye damu saa zote. Ini likishajaa mafuta, mwili huanza kutoisikia insulini, ile homoni inayofungulia sukari mlango iingie kwenye misuli. Kongosho huongeza sauti, huongeza tena, mpaka linachoka. Sukari hubaki barabarani, ndani ya damu, ikikwaruza mishipa midogo ya macho, ya figo na ya vidole vya miguu. Wakati huohuo figo zinang'ang'ania chumvi na moyo unasukuma damu kwenye mwili mpana zaidi, na presha inapanda. Ongeza magoti yanayolalamika, kukoroma kunakokata pumzi usingizini, mimba zenye presha, na hatari kubwa zaidi ya saratani kadhaa, zikiwemo za utumbo mpana, mji wa mimba, na matiti baada ya hedhi kukoma. Ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kukaa miaka kumi bila kusikia chochote. Halafu asubuhi moja anajaribu kusema "chai" na mdomo unapinda upande.

Ile hesabu ya uzito kwa urefu, ambayo 25 ni kuzidi na 30 ni unene wa hatari, ilitokana na kazi ya Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19 ambaye hakuwa hata daktari. Inafaa kwa kupima umati. Kwa mtu mmoja, mimi napenda kamba zaidi: pima kiuno, kisha pima urefu wako. Kiuno kikizidi nusu ya urefu, kuna jambo la kuongea na daktari, hata kama kwa mbele unaonekana mwembamba.

Je, basi hili linaweza kurudi kinyumenyume? Safari ya kwenda mjini ilipimwa kwetu. Safari ya kurudi ilipimwa mbali, kaskazini-magharibi mwa Australia. Mwaka wa 1982 mtafiti Kerin O'Dea alifuatana na Waaborijini waliokuwa wamehamia maisha ya mjini, kumi kati yao wakiwa na kisukari. Walirudi nyikani kwao kwa wiki saba, wakaishi kwa kuwinda, kuvua na kuchimba mizizi. Kwa wastani walipungua kilo 8. Sukari yao kabla ya kula ilishuka kutoka 11.6 hadi 6.6. Wiki saba! Kama vile mwezi mmoja wa Nairobi ulivyotosha kuanza kuharibu, wiki saba zilitosha kuanza kurekebisha.

Hakuna anayetuambia turudi porini, na shamba la Kendu Bay limeshagawanywa mara nne. Lakini habari ya maana katika tafiti zilizofuata ni udogo wa kiwango kinachohitajika. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka wa 2002, watu zaidi ya 3,200 waliokuwa ukingoni mwa kisukari walifuatiliwa. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Waliopata kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge bandia, na waliwashinda hata waliopewa dawa halisi. Asilimia 7 ya mtu wa kilo 90 ni kilo sita na ushei. Hutaonekana kama mtu wa matangazo, huenda hata mkanda usubiri, lakini ini limeshajua. Kuhusu presha, ukijumlisha tafiti nyingi, kila kilo inayotoka hushusha takriban alama moja. Uingereza walienda mbali zaidi: katika utafiti uliotolewa mwaka wa 2017, watu waliokuwa tayari na kisukari walisimamiwa na wahudumu wa afya wakila kidogo sana kwa miezi michache. Baada ya mwaka, asilimia 46 hawakuhitaji tena dawa za sukari. Miongoni mwa waliopunguza kilo 15 au zaidi ilikuwa asilimia 86.

Mwaka wa pili walibaki asilimia 36, na hilo pia lisemwe. Mwili huupigania uzito wake wa juu. Ukipungua, njaa huongezeka na mwili hubana matumizi, kama nyumba ambayo imepata habari za kufutwa kazi. Anayerudisha kilo hajashindwa mtihani wa tabia. Anashindana na mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya njaa, akiwa kwenye mji uliotengenezwa kwa ajili ya kiti. Ndiyo maana siziamini zile chai za kushusha tumbo zinazouzwa mitandaoni na yule dada mwenye kiuno cha nyigu. Nyingi ni dawa za kuendesha, na kinachotoka ni maji na pesa yako.

Shangazi alianza kwa ghadhabu. Jirani yake wa mlango wa pili, wa rika lake, alipata kiharusi akifua nguo. Shangazi hakusema kitu kwa wiki nzima. Kisha akaanza kushuka steji mbili kabla ya ile yetu, jioni, kukiwa bado na mwanga, yeye na wanawake wengine wawili, kwa sababu watatu hawanyang'anywi simu kirahisi. Alitoa sukari kwenye chai, akalalamika mwezi mzima, sasa anasema yenye sukari inamlevya. Ugali ukakatwa nusu, sukuma na omena vikapanda, na chumvi ya mezani ikaondolewa. Hakufanya miujiza: kilo sita katika miezi minane, kisha moja ikarudi Krismasi. Dawa hakuziacha, ila daktari alimpunguzia moja. Mara ya mwisho presha yake ilikuwa 138 juu ya 84.

Aliyempima ni mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale 100,000 waliokabidhiwa mikoba rasmi Septemba 2023, yenye mizani, mashine ya presha na ya sukari. Anaingia mlango hadi mlango kwenye ploti yetu na kuandika namba kwenye simu.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya shangazi kuwapokea wanachama wa chama nyumbani kwake. Rinda lilikuwa limeanza kumlegea mabegani na alikuwa ameshaona macho yakishuka hadi kwenye vifundo vya mikono yake. Kabla daftari la pesa halijafunguliwa alisimama. Akasema anajua wanachofikiria. Akatoa kadi yake ya kliniki, akaipitisha mkono kwa mkono waone tarehe na kilo, kisha akasema, "Ni mimi mwenyewe nimeamua. Msiniletee maombi. Anayetaka kutembea, tunashukia steji ya pili kutoka mwisho, saa kumi na mbili kasoro." Wawili waliuliza kama viatu vya bata vitafaa.